Wahusika wa Riwaya ya Mize: Shajara ya Uandishi kutoka Wete

Juni, wiki ya mwisho

Mpango wa kisa umeshakaa sawa, na kuanzia leo shajara hii itashughulikia wahusika peke yao. Riwaya ni ya wasomaji wa umri wa miaka 10 hadi 14. Inatokea katika kijiji cha kubuni nilichokiita Mkarafuumoja, baina ya Wete na Konde kisiwani Pemba, na fumbo lake ni dogo kwa makusudi: katikati ya msimu, polo moja, yaani gunia, la karafuu mbichi, zilizokwisha kuchambuliwa na kungojea jua la kesho yake, linaibwa usiku kutoka barazani kwa bibi mmoja mjane. Hakuna maiti wala bastola. Mpelelezi ni mjukuu wa bibi huyo, msichana wa miaka 12 aitwaye Mize.

Sikuichagua Pemba kwa sababu ya kuishi hapa tu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali ya Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Faida yake kwa mwandishi wa hadithi ya upelelezi ni kwamba, msimu unapoingia, hakuna mtu kijijini asiyekuwa na mkono wake katika karafuu: yuko anayepanda mti, anayechambua, anayeanika, anayepakia gari la ng'ombe, anayekopesha dukani na anayepima kituoni. Kila mmoja ana sababu ya kuwa karibu na mali, na kila mmoja ana saa zake zinazojulikana na majirani. Kwa hiyo orodha ya watuhumiwa sikuitunga, nimeikuta.

Hata hivyo orodha hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi, na nimeichuja kwa kanuni moja: mhusika asiyekuwa na kazi yake mwenyewe, ambayo angeifanya hata kama polo lisingeibwa, aondoke. Kwa kanuni hiyo ameondoka mtalii mwenye kamera, ameondoka mzee wa ajabu aliyekuwa akiishi pangoni, na wameondoka mapacha ambao kazi yao ilikuwa kumchanganya msomaji basi. Mtu anayeingizwa katika hadithi ili ashukiwe tu hunuka wino, na watoto wana pua kali.

Julai, mwanzoni

Wiki hii yote ni ya Mize.

Mpelelezi mtoto wa vitabuni aghalabu ana uhuru ambao mtoto wa Mkarafuumoja hana. Asubuhi yuko skuli, baada ya adhuhuri yuko chuoni kwa Maalim akisoma Kurani, na magharibi ikiingia msichana anatakiwa awe nyumbani. Hawezi kumnyemelea mtu njiani, kwa kuwa hatua chache hazipiti kabla hajaulizwa anakwenda wapi na nani kamtuma. Swali hilo la pili ndilo lililonifungulia tabia yake. Mize hapelelezi kwa kuzurura, bali kwa kutumwa. Mtoto aliyetumwa ana ruhusa ya kuingia uani, jikoni na nyuma ya duka, mahali ambapo mwanamume asiyekuwa wa nyumba ile hawezi kukanyaga na ambapo askari angelazimika kubisha hodi mara tatu na kujieleza. Hutumwa kuazima mbuzi ya kukunia nazi, hutumwa kurudisha sahani ya watu, hutumwa chumvi, na wakubwa hawakatizi mazungumzo yao kwa ajili ya mtoto aliyesimama mlangoni na sahani mkononi.

Kila sura ya uchunguzi sasa inaanza na agizo. Kutokana na hilo limezuka jambo ambalo halikuwamo katika mpango na ambalo limenifurahisha: anayetoa maagizo ni bibi yake, Bi Hadia, naye ndiye aliyeibiwa. Msomaji makini akifika katikati ya kitabu ataanza kujiuliza kwa nini bibi huyu, ambaye ana mbuzi yake mwenyewe jikoni, anamtuma mjukuu akaazime mbuzi nyumba ya tatu. Bi Hadia anamshuku mtu tangu siku ya kwanza. Hawezi kumtaja, kwa sababu nitakazozieleza Agosti, na kwa hiyo anautuma ulimwengu wake mdogo ukaone kwa macho yake.

Upande wa akili, sitaki Mize awe bingwa wa kila kitu. Anajua jambo moja kwa undani, nalo ni karafuu, kwa sababu amekaa kwenye jamvi la kuchambulia tangu hajaanza skuli. Nimeandika ukurasa mzima wa mikono yake na sidhani kama nitaufuta: shada linaloshikwa na kusokotwa juu ya kiganja mpaka karafuu zenyewe zinaachia na kudondoka upande huu, na makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki, yanatupwa upande ule, vidole vinavyogeuka rangi na kubaki na harufu hata baada ya sabuni, kandili iliyowekwa katikati, na hadithi za wanawake zinazokwenda mbele huku mikono ikifanya kazi bila kuangaliwa. Makonyo nayo ni mali. Huanikwa, huuzwa, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyachemsha na kutoa mafuta. Kwa hiyo kila nyumba yenye karafuu ina marundo mawili uani, na Mize hawezi kupita mbele ya nyumba asiyapime kwa jicho, kama fundi cherehani anavyompima mtu kwa kumtazama.

Julai, katikati

Mwenzake Mize ni Faki, mtoto wa shangazi yake, mwenye miaka 11.

Padri Mwingereza Ronald Knox aliweka masharti 10 ya hadithi za upelelezi mwaka 1929, na moja kati ya hayo linasema kwamba rafiki wa mpelelezi asimfiche msomaji lolote linalompitia kichwani, na kwamba akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya akili ya msomaji wa kawaida. Ni sharti zuri kwa vitabu vya watu wazima, lakini silipendi katika kitabu cha watoto, kwa kuwa msomaji wa miaka 10 hujiweka mahali pa yule mdogo, na hafurahii kuambiwa kila sura kwamba yeye ndiye asiyeelewa.

Kielelezo kilicho karibu nasi zaidi ni Najum, mwenzake Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mzaliwa wa Makunduchi ambaye riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi huyo ilichapishwa mwaka 1960. Kila anayeandika upelelezi kwa Kiswahili visiwani anaandika akiwa na Bwana Msa mgongoni, nami nimejaribu kuona wapi Mize hawezi kumfuata hata akitaka. Bwana Msa ni mtu mzima mwenye utulivu na kiko chake. Akiuliza, watu hujibu. Mize akiuliza ataambiwa hana adabu. Kwa hiyo Najum anaweza kuwa msikilizaji wa mkubwa wake, lakini Faki lazima awe kitu kingine.

Nimempa nusu ya kijiji. Faki anakwenda msikitini, anakaa pembezoni mwa baraza za wanaume akijifanya hasikii, anashuka pwani mashua zinapoingia, na anapanda mikarafuu mpaka kwenye matawi ambayo katika ukoo huu wasichana hawaruhusiwi kuyafikia. Mize ana nyua, majiko na majamvi. Hakuna anayejua zaidi ya mwenzake. Kila jioni, wakirudi chuoni, hupeana yale waliyoyaona, na msomaji hupata picha kamili pale tu nusu mbili zinapokutana njiani. Msimulizi atakuwa wa nje, akimfuata Mize kwa karibu, na maneno ya Faki yatakuja kama Faki anavyoyasema, pamoja na chumvi anayoitia.

Chumvi hiyo ni muhimu. Faki hasemi uongo, ila hawezi kueleza jambo bila ya kuliongezea urefu, na Mize amejifunza kukata theluthi.

Julai, mwishoni

Watuhumiwa wamebaki wanne, nao ni mchumaji, mwenye duka, mwenye gari la ng'ombe na ami.

Mchumaji ni Makame, kijana aliyekuja kutoka Unguja kwa ajili ya msimu, analala katika banda la shamba na kulipwa kwa pishi, kwa vile alivyochuma. Huyu ndiye kijiji kitakayemnyooshea kidole kabla jua halijatoka, na nimeamua mapema kwamba hana hatia. Riwaya ya watoto inayomkuta mgeni na hatia inawathibitishia wasomaji kile ambacho mtaa umeshawafundisha. Lakini kutokuwa na hatia hakutoshi kumfanya mtu awe mhusika. Nimempa siri isiyohusiana na wizi: hajui kusoma, na usiku ule ambao hawezi kuueleza alikuwa kwa Maalim akifundishwa herufi, na wote wawili wameahidiana kulifanya jambo hilo lisijulikane. Maalim akiulizwa anasema kweli tupu, kwamba Makame ni mtu mwema, na anaishia hapo. Inawachukua Mize na Faki sura mbili kuelewa kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa ajili ya heshima ya mwingine.

Mwenye duka ni Mzee Khatib, mwenye daftari la madeni ambalo nusu ya kijiji imo ndani yake. Hukopesha unga na sukari kabla ya msimu na hulipwa karafuu zikishauzwa. Anayelipwa madeni yake msimu ukienda vizuri hana haja ya kuiba karafuu, na Mize anamtoa katika orodha kwa hesabu hiyo, lakini daftari lenyewe halimtoki akilini, kwani humo ndimo alimoona nani anadaiwa nini.

Kombo wa gari la ng'ombe yupo kwa sababu polo la karafuu mbichi ni zito na mtu mmoja hafiki nalo mbali kwa miguu. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni mchangamfu, anampenda ng'ombe wake kuliko watu, na alama za magurudumu zilizoonekana asubuhi zina maelezo ya kawaida kabisa.

Nilifikiria kwa muda kuingiza kundi la magendo, mashua za usiku na karafuu zinazovushwa kwenda Kenya, kwa kuwa watu wa umri wangu wamekulia katika habari hizo na kila mtoto wa Pemba anajua kwamba mnunuzi halali wa karafuu ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Nimeliacha. Magendo ni kazi ya watu wazima wenye mashua na silaha, na mtoto akiingia humo ataokolewa na askari mwisho wa kitabu, hapo upelelezi wake unakuwa si wake tena. Limebaki kama uvumi unaoletwa na Faki, umeongezwa urefu kama kawaida yake.

Agosti, mwanzoni

Asiyetaka kuujua mwisho wa riwaya aishie hapa.

Mwizi ni Ami Shaame, kaka yake baba yake Mize kwa upande wa baba. Mama zao ni mbalimbali; Bi Hadia ni mke wa pili wa marehemu, na mama yake Shaame alikwisha kufariki. Marehemu aliacha mikarafuu mingi ambayo mpaka leo haijagawiwa. Bi Hadia anaisimamia kwa niaba ya wote, anatia kila senti katika mkoba wake na kuwasomesha wajukuu, na hamdhulumu mtu kwa makusudi, ila kwa mujibu wa sheria ya mirathi thumni, yaani moja ya nane, ndiyo haki yake kama mjane mwenye watoto wa mume, na wana wana sehemu zao. Shaame ana mikarafuu minne tu aliyopewa na babake wakati wa uhai. Ameomba mirathi igawiwe, kwa upole, mwaka baada ya mwaka, na kila mara huambiwa asubiri msimu upite.

Kwa hiyo aliyeiba ana nusu ya haki, na aliyeibiwa ana nusu ya kosa. Hii ndiyo sababu Bi Hadia hawezi kumtaja: akimtaja, atajibiwa kwa neno moja, mirathi, mbele ya kijiji kizima. Na ndiyo sababu nimemchagua Shaame badala ya mtu mbaya. Knox alitaka mhalifu atajwe mapema katika hadithi, nami nimemweka Shaame katika sura ya kwanza, akimbebea Bi Hadia polo lile lile kutoka shambani hadi barazani, akitweta, na kukataa kulipwa.

Ushahidi ulinisumbua zaidi ya mtu mwenyewe. Karafuu haina jina. Ukiichanganya na nyenzake hakuna wa kuitambua. Katika riwaya ya watoto ya Mjerumani Erich Kästner ya mwaka 1929, mvulana aliyeibiwa fedha zake ndani ya treni ya Berlin anathibitisha kwamba noti ni zake kwa matundu ya pini, kwani alizibana kwa pini ndani ya koti. Nilikuwa nikitafuta pini ya karafuu, na nimeipata katika uanikaji. Karafuu mbichi zikikaa katika polo bila ya jua huvunda, na zikija kuanikwa baadaye hupauka, haziwi na ile rangi ya kahawia iliyokoza. Mwizi hawezi kuzianika siku ya pili yake, kila mtu anatazama. Analazimika kuzificha, kisha kuzitoa kidogo kidogo na kuzichanganya na zake. Jamvi la Ami Shaame lina karafuu nzuri na zilizopauka pamoja, kana kwamba zimechumwa kwenye misimu miwili.

Lakini kupauka kunaweza kuwa na sababu nyingine, na sheha (kiongozi wa mtaa) yeyote mwenye akili angelisema hivyo. Pini yenyewe ni makonyo. Polo liliibwa likiwa limekwisha kuchambuliwa, na makonyo yake yalibaki kwa Bi Hadia, rundo kubwa lisilokuwa na karafuu zake. Kwa Shaame kuna jamvi limejaa karafuu, na rundo la makonyo la mikarafuu minne.

Agosti, katikati

Sura ya kufichua. Hapa ndipo riwaya nyingi za wapelelezi vijana zinapokataa kuhamia Pemba. Mtoto hasimami mbele ya wazee akamnyooshea ami yake kidole. Akifanya hivyo, hata akiwa na haki, kijiji kitajadili adabu yake wala hakitajadili wizi. Nimeandika sura hii kwa namna kadhaa, na iliyobaki ni hii. Wazee wamekaa kwa sheha, ambaye nyumba yake inatazamana na ya Shaame. Mize ametumwa kupeleka kahawa. Wingu limefunga upande wa pwani.

«Shikamoo, ami.»

«Marahaba, mwanangu.»

«Mvua inakuja. Nikusaidie kuanua?»

«Ahsante, mwanangu. Anza na lile jamvi kubwa.»

«Naam. Na makonyo yake je, ami, umeyaanika wapi? Nisije nikayaacha yakarowa.»

Hakuna zaidi. Hajamtuhumu mtu, ameomba kumsaidia mkubwa wake, kama alivyofundishwa. Wazee waliopo wote wamechambua karafuu maisha yao yote, na kila mmoja anageuza macho kuelekea kwenye lile rundo dogo na kufanya hesabu yake mwenyewe. Sheha anaweka kikombe chini na kusema kwamba wakaanue wote, kisha yeye na Shaame watazungumza. Nimejizuia kumpa Mize hotuba ya maelezo baadaye. Hesabu inafanywa na Faki katika sura inayofuata, kwa sauti, akiwa juu ya mti, kwa ajili ya msomaji ambaye hajachambua karafuu hata siku moja.

Agosti, mwishoni

Nimekuwa nikiahirisha suala la uganga, na siwezi tena. Pemba ina sifa yake, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiona jina la kisiwa kwenye jalada atatarajia mganga afikapo ukurasa wa kumi. Katika orodha ya kwanza alikuwapo mmoja. Ameondoka kwa kanuni ile ile ya Juni: kazi yake katika kisa ilikuwa kutisha tu.

Lililobaki, na linalostahili kubaki kwa kuwa ndilo linalofanyika hasa, ni kitisho cha halbadiri. Kitu kikiibwa na mwizi asijulikane, watu husema kitasomewa halbadiri, yaani dua ya kuwaomba watu wa Badri, waliopigana vita pamoja na Mtume, ili aliyechukua apatwe. Masheikh wanatofautiana juu ya jambo hilo, na Maalim katika riwaya hii ni katika wasiolipenda. Anasema dua si mtego. Lakini tangazo likishatoka, kila mtu anabadilika kidogo, na kwa mpelelezi mabadiliko hayo ni hazina. Makame anaogopa ingawa hana kosa. Mzee Khatib anasamehe deni moja la zamani ghafla, na Faki anajenga juu ya hilo ghorofa nzima ya dhana. Shaame anakuja kwa Bi Hadia na kumwomba asisomeshe, kwa sababu, asema, huenda aliyechukua ana watoto wadogo. Mize anayasikia maneno hayo akiwa anaosha vyombo. Haelewi mpaka baadaye kwamba wengine wote waliomwomba bibi asisomeshe walijitetea nafsi zao, na mmoja tu ndiye aliyemtetea mwizi.

Knox naye aliyaondoa mambo yasiyo ya kawaida katika utatuzi, na hapa tunakubaliana. Halbadiri haisomwi katika riwaya hii. Inatishiwa tu.

Septemba

Majina. Nimehakikisha kwamba jina la Hadia haligongani na jingine kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo Hamad aliyekuwa mwenye gari la ng'ombe amekuwa Kombo. Tatizo kubwa zaidi ni miito: mtu mmoja ni Bi Hadia kwa jirani, bibi kwa Mize, mama kwa mwanawe, na Bi Mkubwa kwa mchumaji. Msimulizi atamwita kila mtu kama Mize anavyomwita, na katika mazungumzo kila msemaji atatumia mwito wake, mradi mara ya kwanza pawe na jambo la kumwonesha msomaji kwamba ni mtu yule yule.

Mwaka. Kisa kitakuwa cha mwaka 2008, kabla waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga haujafika Pemba mwaka 2010, wakati kisiwa kilipokuwa kikitegemea majenereta ya dizeli. Kijijini kuna kandili, giza la kweli, na simu chache. Uamuzi huu umempa Mzee Khatib kazi ya pili, kwani simu inayotumiwa na wengi iko dukani kwake. Baba yake Mize, aliyeko Unguja, hupiga hapo, na kila linalosemwa husikika mpaka kwenye foleni ya mafuta ya taa. Ni katika simu hiyo Mize anamsikia baba yake akiulizwa juu ya mirathi na kubadilisha maneno.

Saa. Kila mtuhumiwa amewekewa mahali pake baina ya sala ya isha na alfajiri, kwa sababu kijiji hakitazami saa ya mkononi. Nani alikuwa safu ya mbele isha, nani alitoka kabla ya dua, nani alichelewa alfajiri, ni mambo yanayokumbukwa wiki nzima bila kuandikwa. Kwa wanawake kipimo ni jamvi la kuchambulia: nani aliinuka kwanza, mafuta ya kandili yalikuwa yamebaki kiasi gani.

Mwalimu mmoja wa skuli ya hapa mjini amewasomea wanafunzi wake wa darasa la sita rasimu hadi kabla ya sura ya kufichua, na kuniletea majibu yao yaliyoandikwa. Karibu wote wamemtuhumu Makame, na sababu waliyoitoa mara nyingi ni kwamba si mtu wa hapa. Hilo nililitarajia na ndilo ninalolihitaji, ila wengine wamesema pia kwamba wanamwonea huruma, jambo lililonionesha kwamba sura ya herufi inafanya kazi. Msichana mmoja ameandika kwamba Bi Hadia ameiba karafuu zake mwenyewe ili asizigawe. Sijui amefikaje karibu namna hiyo na mirathi kabla ya neno lenyewe kutajwa, na nimekwenda kuisoma tena rasimu ile neno kwa neno. Mvulana mwingine ameuliza kwa nini sheha anazungumza kuliko watu wote. Nimepunguza maneno ya sheha.

Oktoba, mwanzoni

Sheha, kwa hakika, alikuwa na hatari ya kugeuka kuwa kikaragosi: katika hadithi za watoto kiongozi wa mtaa ama ni mpumbavu ama ni mwonevu. Huyu ni mtu aliyechoka, mwenye shehia yenye migogoro ya mipaka na ndoa, anayetaka jambo liishe bila kufika polisi. Anamzuia Mize mara moja tu, naye ana haki, kwa kuwa Mize alikuwa karibu kumtaja mtu asiyekuwa na kosa. Baada ya mvua anafanya jambo ambalo nilidhani lingekuwa la Mize: anamwambia Bi Hadia kwamba karafuu zitarudi leo, na kwamba wiki ijayo wataandamana wote kwa kadhi, mirathi igawiwe.

Koplo wa polisi amebaki na mistari miwili. Anapita na pikipiki, anauliza kama kuna habari, anaambiwa hakuna.

Ninachokifanya sasa ni sura ya mwisho baina ya Mize na ami yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na msamaha, machozi na mkono kichwani, na nimeiweka kando. Shaame ana aibu kwa mtoto, na mtoto ana aibu kwa mkubwa wake, na hakuna kati yao mwenye maneno ya hali hiyo. Nimewarudisha kazini. Shaame anahitaji mtu wa kumchambulia karafuu za mti wake wa nne, Bi Hadia anamtuma Mize, na safari hii Mize anauliza kama ni lazima aende. Jibu la Bi Hadia bado sijaliandika. Nitakapoliandika ndipo orodha ya wahusika itakapofungwa na rasimu kupelekwa kwa mhariri.